Mbwa mwitu wa Marekani, tembo wa Rutshuru: nani aliulizwa?



Mwaka 2020 tembo wapatao 580 walivuka kutoka mbuga ya Queen Elizabeth nchini Uganda wakaingia katika mbuga yetu ya Virunga. Ilikuwa habari njema, na magazeti ya ng'ambo yaliandika kwamba uhai umerudi Virunga. Miezi michache baadaye shirika letu lilinituma katika kijiji kimoja kando ya mbuga, upande wa Ishasha, nifanye kikao na wakulima. Nilijitayarisha vizuri. Nilikuwa na karatasi kubwa za kubandika ukutani, nimechora kamba iliyopakwa pilipili na mafuta machafu ya gari, mizinga ya nyuki, na zamu za kupiga ngoma usiku. Nilieleza karibu nusu saa. Halafu mzee mmoja akainuka, akavua kofia, akasema: «Mtoto wetu, asante kwa pilipili. Sasa utuambie, jiwe la mpaka lilitembea namna gani hata likaingia katika shamba la baba yangu?»

Watu wakapiga makofi. Kikao changu kikafa pale pale.

Niliporudi ofisini niliandika katika ripoti kwamba «wakaaji bado hawajahamasishwa vya kutosha». Leo naona haya nikiikumbuka sentensi ile. Watu walikuwa wamehamasishwa kabisa. Mimi ndiye niliyekwenda kujibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza.

Tangu siku hiyo nimesoma mengi juu ya ugomvi kati ya watu na wanyama wa porini, na kilichonifundisha zaidi kilitoka mbali sana na hapa, katika habari ya mbwa mwitu wa Marekani. Nimeona vema niieleze katika kurasa hizi kwa wenzetu wa kamati za amani, hasa wale wanaoishi jirani na mbuga.

Kwanza tuelewane juu ya jina. Hapa Afrika kuna mbwa mwitu mwenye madoa na masikio makubwa ya mviringo. Siye huyo. Ninayemzungumzia ni yule wa nchi za baridi, mwenye manyoya mazito ya kijivu au meusi, mkubwa kuliko mbwa wa polisi, anayewinda kwa kundi. Wengi wetu tunamjua kutoka Injili tu, pale wanapotajwa kondoo.

Namna alivyomalizwa, na namna alivyorudishwa

Wazungu walipohamia magharibi ya Marekani katika karne ya 19, waliwaua nyati wa nyanda zile karibu wote, wakaleta ng'ombe mahali pao. Mbwa mwitu aliyezoea kula nyati akala ng'ombe. Jibu likawa sumu, mitego, na zawadi ya pesa kwa kila mbwa mwitu aliyeuawa. Tangu mwaka 1915 serikali ya shirikisho yenyewe iliwalipa wawindaji mshahara kwa kazi hiyo. Hata ndani ya Yellowstone, mbuga ya taifa ya kwanza duniani iliyoanzishwa mwaka 1872, mbwa mwitu wasiopungua 136 waliuawa kati ya mwaka 1914 na 1926. Baada ya hapo hapakuwa na kundi tena. Mtoto aliyezaliwa pale mwaka 1930 aliweza kuzeeka bila kumsikia mbwa mwitu akilia usiku.

Mwaka 1973 Marekani ilitunga sheria ya kulinda viumbe vilivyo hatarini, na mwaka uliofuata mbwa mwitu akaingizwa katika orodha yake. Hapo likaanza jambo la kumrudisha, na ubishi wake ulichukua miaka 20. Wataalamu walisema kulungu wakubwa wa kule, wanaoitwa wapiti, wamezidi na wanakula vichipukizi vyote vya miti kando ya mito. Wafugaji walisema babu zetu walimwondoa mnyama huyu kwa jasho, nanyi mnataka kumrudisha kwa ndege. Serikali ilipoomba maoni ya raia, ilipokea zaidi ya 160,000.

Tarehe 12 Januari 1995 wale wa kwanza wakafika, wakitoka Alberta, Kanada, wakiwa ndani ya masanduku ya chuma juu ya gari. Watoto wa shule walisimama kando ya barabara kuwapokea. Wakati huo huo chama cha wakulima kilikuwa mahakamani kuomba kazi isimamishwe, na wanyama wakabaki wamefungiwa katika masanduku huku mawakili wakibishana. Mwezi huo waliletwa 14 katika Yellowstone. Walikaa kwanza ndani ya maboma ya waya kama wiki kumi ili wazoee nchi, wakafunguliwa mwezi wa Machi. Mwaka 1996 wakaongezwa 17 kutoka British Columbia. Katika milima ya jimbo la Idaho wakafunguliwa 35 katika miaka hiyo miwili. Mwezi wa Desemba 1997 hakimu mmoja aliamua kwamba kazi yote ilivunja sheria na kwamba mbwa mwitu waondolewe. Hukumu ilisimamishwa wakati wa rufaa, na mwaka 2000 mahakama ya juu yake ikaifuta.

Siku hizi ndani ya Yellowstone wanaishi mbwa mwitu kama mia moja. Wapiti wa upande wa kaskazini, waliokuwa karibu 19,000 mwaka 1994, walishuka chini ya 4,000 mwaka 2013. Mbwa mwitu hakuwa peke yake katika jambo hilo: kulikuwa na dubu, simba wa milimani, ukame, na bunduki za wawindaji nje ya mbuga. Katika intaneti kuna filamu fupi inayosema mbwa mwitu amebadilisha hata njia za mito. Ni nzuri kuitazama, lakini wataalamu wenyewe wangali wanabishana. Na tangu mwaka 1995 hakuna mtu hata mmoja aliyeshambuliwa na mbwa mwitu ndani ya Yellowstone.

Je, pesa ilimaliza ugomvi?

Waliopanga kazi ile hawakuwa wajinga. Walijua mfugaji ataumia, kwa hiyo waliweka mambo mawili. La kwanza ni la sheria: mbwa mwitu walioletwa waliitwa kundi la majaribio, na jina hilo lilimpa mfugaji ruhusa ya kumpiga risasi mbwa mwitu anayemkuta akishambulia mifugo yake. La pili ni la mfuko. Shirika la kiraia liitwalo Defenders of Wildlife lililipa wafugaji fidia tangu mwaka 1987 hadi 2010, jumla zaidi ya dola milioni moja na laki nne.

Ukitazama hesabu ya nchi nzima, ng'ombe wanaouawa na mbwa mwitu ni wachache sana kuliko wale wanaokufa kwa magonjwa na baridi. Tatizo ni kwamba hawafi nchi nzima. Wanakufa kwa mfugaji yule yule, mwenye malisho karibu na pango la mbwa mwitu, mwaka hadi mwaka. Tena ili ulipwe ni lazima uonyeshe mzoga, na mtaalamu aje athibitishe alama za meno. Ndama aliyeburutwa msituni na kuliwa hadi mifupa hana ushahidi. Ng'ombe aliyekondeana kwa hofu hana alama ya meno.

Kuna jingine ambalo wafugaji wengi walilisema, nasi tunaofanya kazi ya upatanisho tunalitambua upesi. Mtu aliyekesha na ng'ombe azae salama, kisha akamkuta amepasuliwa, hapendi kuambiwa kwamba jambo limekwisha kwa sababu amepewa hundi. Fidia inalipa ng'ombe. Hailipi swali lake la kwanza: nani aliamua, na kwa nini mimi sikuulizwa?

Kisa cha Idaho kinaonyesha jambo hili kwa upande mwingine. Mwaka 1995 baraza la kutunga sheria la Idaho lilikataa idara yake ya wanyama ishiriki katika kazi ya mbwa mwitu. Waliochukua kazi hiyo, kwa mapatano na serikali ya shirikisho, ni kabila la Nez Perce, wenyeji wa nchi ile tangu zamani. Hawa ndio waliopigwa na jeshi mwaka 1877 kwa sababu walikataa kufungiwa katika eneo dogo, wakakimbia mamia ya kilometa wakielekea Kanada, wakapita ndani ya Yellowstone yenyewe, mbuga ikiwa na miaka mitano tu. Kwao mbwa mwitu alikuwa mwenyeji mwenzao aliyefukuzwa kama wao. Mnyama ni yule yule, milima ni ile ile. Mfugaji anasikia mlio wake kama serikali inavunja mlango, na Mnez Perce anausikia kama ndugu anarudi nyumbani.

Mlima na mnyama

Hapa naomba nitoke kidogo katika mbwa mwitu. Tarehe 17 Januari 2002, mlima Nyiragongo ulipotapika moto katikati ya mji wa Goma, nilikuwa mtoto wa miaka 12. Tulikimbilia Gisenyi, mama amebeba godoro kichwani, mimi nimebeba sufuria. Mashirika ya misaada yalitaka kuweka kambi upande wa Rwanda. Lakini baada ya siku chache watu wengi sana walirudi, wakikanyaga mawe yaliyokuwa yangali moto. Wazungu walishangaa. Nyumba za watu wapatao laki moja na zaidi zilikuwa zimeteketea, na bado watu walirudi kujenga juu ya lava.

Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulilipuka tena bila onyo. Siku tano baadaye, alfajiri, wakubwa walitoa amri ya kuhamisha mitaa kumi ya Goma kwa hofu ya mlipuko mwingine. Watu karibu laki nne waliondoka, wengi kuelekea Sake, ambako maji yalikuwa haba. Mwezi wa Juni wakaanza kurudishwa kwa awamu. Sikumsikia mtu akiukasirikia mlima. Nilisikia hasira nyingi juu ya amri: ilitolewa na nani, kwa nini usiku, kwa nini jana walisema hakuna hatari, nani atalinda nyumba.

Mtaalamu wa Marekani Paul Slovic aliandika mwaka 1987 juu ya namna watu wanavyopima hatari. Alionyesha kwamba hawapimi kwa hesabu ya vifo peke yake. Hatari tunayoichagua wenyewe, au tuliyoizoea, tunaiona ndogo. Hatari tuliyowekewa na mwingine tunaiona kubwa, hata kama hesabu inasema vingine. Ndiyo maana mtu wa Goma analala chini ya Nyiragongo bila kukosa usingizi, na mfugaji wa Idaho anakosa usingizi kwa mnyama ambaye huenda hatamwona maisha yake yote. Mlima haukuletwa na mtu. Mbwa mwitu ameletwa.

Na tembo wa mwaka 2020? Hao walijileta wenyewe kwa miguu yao minne. Lakini waliporudi walikuta mpaka, na mpaka uliwekwa na watu.

Kutoka Bwindi hadi Washington

Sasa niseme juu ya sehemu ya habari hii inayotugusa kwa karibu, kwa sababu ilianzia kwa jirani zetu.

Msitu wa Bwindi, Uganda, ulifanywa mbuga ya taifa mwaka 1991. Watu waliokuwa wakipata humo kuni, asali, dawa na nyama walifungiwa mlango, na Batwa waliokuwa wakiishi humo wakafukuzwa. Hasira ilikuwa kali hata msitu ukachomwa moto. Kisha gorila, ngagi kama wengi wetu tunavyowaita, walipoanza kutoka msituni kula migomba, mkulima hakumwona nyani mkubwa mwenye njaa. Aliona mbuga inamfuata hadi shambani. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mwanamke Mmarekani, Francine Madden, alifanya kazi pale kama mtumishi wa kujitolea. Vijiji viliunda vikundi vya watu wao wenyewe, vilivyoitwa HuGo, ambao kazi yao ni kuwarudisha ngagi msituni polepole bila kuwaumiza. Nani anaingia katika kikundi, nani anaitwa ngagi wakionekana, nani anasikilizwa baadaye: mambo hayo yakawa na uzito kuliko kengele na fimbo.

Madden aliporudi kwao aliendelea na kazi hiyo, akachukua vyombo vya ujenzi wa amani, vile vile tunavyotumia sisi katika ugomvi wa ardhi na wa makabila, akavileta kwa wanyama. Mwaka 2014 yeye na Brian McQuinn, mtafiti wa vita aliyewachunguza wapiganaji wa Misrata nchini Libya, waliandika makala iliyoeleza mfano wa Taasisi ya Kanada ya Utatuzi wa Migogoro. Katika mfano huo ugomvi una tabaka tatu. Juu kuna ubishi, yaani jambo linaloonekana: ng'ombe ameuawa, mihogo imeliwa, nani atalipa. Chini yake kuna ugomvi wa zamani ambao haukumalizwa: ahadi zilizovunjwa, vikao vilivyofanywa bila sisi. Chini kabisa kuna jambo la utambulisho: mnanidharau, mnataka watu kama mimi waishe. Ukilipa ubishi wa juu bila kugusa zile mbili za chini, ubishi mwingine unazaliwa kesho, na mara nyingi unazaliwa mkubwa zaidi.

Nilipousoma mfano huo nilimwona mzee wangu amesimama na kofia mkononi. Mimi nilikuwa nimemletea pilipili kwa tabaka la kwanza. Yeye alikuwa katika la pili, na mguu mmoja katika la tatu.

Katika jimbo la Washington, lililo kaskazini-magharibi ya Marekani (siyo mji mkuu wao), hakuna aliyeleta mbwa mwitu. Walijivukia wenyewe mpaka, kama tembo wetu, na kundi la kwanza lilithibitishwa mwaka 2008. Lakini nchi ile ilikuwa na kidonda. Mwaka 1990 serikali ya shirikisho ilimweka bundi mmoja wa misitu ya kule katika orodha ya wanyama wanaolindwa, na ukataji wa miti ukapunguzwa sana. Viwanda vya mbao vilifungwa, miji midogo ikabaki bila kazi. Kwa hiyo mbwa mwitu alipoingia watu walisema: kwanza bundi, sasa huyu. Mwaka 2012 jimbo liliwapiga risasi kutoka helikopta karibu kundi zima lililokuwa likiua ng'ombe, na wapenda wanyama wakalia kwa uchungu. Kila upande uliamini serikali iko na upande mwingine.

Mwaka 2015 jimbo lilimwajiri Madden kuongoza baraza la ushauri juu ya mbwa mwitu. Wajumbe walikuwa 18: wafugaji, wawindaji, watetezi wa mazingira. Hawakuanza na kanuni za risasi. Walitumia muda mwingi kufahamiana, kila mmoja akieleza anachoogopa kupoteza. Njia hii ina gharama, na kuna waliosema ni maneno matupu ya kulipwa. Sisi tunaijua lawama hiyo. Hata katika vikao vyetu yuko anayeuliza posho kabla ya kuuliza ajenda.

Mapatano yakapatikana mwaka 2016, nayo yalijaribiwa upesi mno. Mwaka huo huo kundi moja katika msitu wa Colville liliua ng'ombe, na kwa kufuata mapatano jimbo likaua mbwa mwitu saba. Vitisho vya kuuawa vilitumwa kwa watumishi wa idara na kwa wafugaji. Hapo ndipo jambo la ajabu likatokea: mashirika ya mazingira yaliyokuwa ndani ya baraza, ambayo wafuasi wao walikuwa wakilia, hayakujitenga. Yalisema hadharani kwamba yamehuzunika na kwamba yatashika neno lao. Anayefahamu vikao vya upatanisho anajua bei ya jambo hilo. Kusimama mbele ya watu wako mwenyewe ni kugumu kuliko kusimama mbele ya adui.

Mwaka 2017 utaratibu ukaandikwa upya. Mfugaji ni lazima kwanza atumie angalau njia mbili za kuzuia: walinzi wa farasi wanaokaa na kundi, mbwa wa ulinzi, kamba yenye vitambaa vyekundu, taa, kuondoa mizoga. Mbwa mwitu wanaweza kuuawa tu ikiwa wameshambulia mara tatu katika siku 30 au mara nne katika miezi kumi. Sipendi kuwadanganya kwamba mambo yalinyooka. Mwaka 2019 kundi lingine katika eneo lile lile liliuawa lote, kesi zikafunguliwa, na wengi wanasema malisho yale hayafai ng'ombe hata kidogo. Lakini mbwa mwitu wa jimbo hilo, waliokuwa kama 90 mwishoni mwa mwaka 2015, walihesabiwa 230 mwishoni mwa 2024, na baraza halikuvunjika.

Kura ya Colorado

Jimbo la Colorado lilichukua njia nyingine, na ni vizuri kuitazama kwa sababu inafanana na demokrasia tunayoiomba kila siku. Mwezi wa Novemba 2020 raia waliulizwa kwa kura: mbwa mwitu warudishwe au hapana? Ndiyo ilipata kama asilimia 50.9. Kura nyingi za ndiyo zilitoka Denver, Boulder na miji ya jirani. Wilaya nyingi za magharibi, ambako wanyama wangefunguliwa, zilisema hapana. Sheria ilikuwa safi, hesabu ilikuwa safi, na mfugaji wa magharibi akabaki na neno moja: waliopiga kura si wao watakaolala nje na ng'ombe.

Wale wa kwanza, watano kutoka Oregon, walifunguliwa tarehe 18 Desemba 2023 katika wilaya ya Grand, na kabla ya Krismasi wakafika kumi. Baadaye ikajulikana kwamba baadhi yao walitoka katika makundi yaliyokwisha kuua mifugo kule Oregon. Mwezi wa Aprili 2024 ng'ombe na kondoo wakaanza kufa katika wilaya ya Grand. Mwishoni mwa Agosti kundi lenyewe likakamatwa, na dume akafa baada ya kukamatwa. Mwezi wa Januari 2025 wakaletwa 15 wengine kutoka British Columbia, na mwaka huo huo wafugaji wawili wa wilaya hiyo wakalipwa zaidi ya dola 340,000, kwani sheria ya Colorado inalipa hadi dola 15,000 kwa mnyama mmoja, tena inafikiria ndama waliopotea na ng'ombe waliokonda. Yaani walisikia somo la ile fidia ya zamani. Walinzi wa farasi waliajiriwa mwaka 2025, wanyama wakiwa wamekwisha kufika. Mimi naona wangetangulia.

Sisemi kura ni mbaya. Nasema kura inajibu swali la wangapi wanataka, na haijibu swali la nani atabeba. Mkulima wa kwetu angependa hata hilo la kwanza. Katika vijiji ninavyotembelea sijakutana bado na mtu aliyelipwa kwa shamba lililoliwa na tembo.

Kikao cha pili

Nilirudi kijijini mwanzoni mwa mwaka 2021. Sikubeba karatasi za ukutani. Nilimwomba yule mzee anionyeshe jiwe, tukaenda watu kumi na mmoja: yeye, shefu wa kijiji, akina mama watatu wenye mashamba ya mwisho kabisa, vijana, na mlinzi mmoja wa mbuga aliyekubali kuja bila bunduki. Tulitembea tangu asubuhi. Wazee walikuwa wakibishana wao kwa wao: mmoja alisema mpaka wa zamani ulifuata mfereji, mwingine alisema ulifuata mti uliokatwa zamani. Mama mmoja akawacheka: «Baba zangu, ninyi mlikuwa mnapita hapa kwenda kunywa pombe. Sisi ndio tuliolima.» Alituonyesha mahali ambapo mama mkwe wake alipanda mgomba wa mwisho. Mlinzi wa mbuga aliandika kila kitu, na mahali pawili alisema mbele ya wote kwamba hata yeye hajui.

Jiwe halikurudi mahali popote siku ile. Tulichora karatasi yenye mistari miwili: pale wanapokubaliana na pale wasipokubaliana. Kila mmoja aliweka kidole chake cha wino. Baada ya chakula, ndipo yule mzee akaniuliza: «Ile pilipili yako, inachanganywa namna gani?»

Walitengeneza kamba misimu miwili. Tembo walipita bado mara kadhaa, lakini watu walikuwa wakiwapigia walinzi simu badala ya kuwangojea na mikuki. Tangu vita ilipoanza tena kuzidi katika wilaya ya Rutshuru mwaka 2022 hatukuweza kurudi, na wakaaji wengi wa kijiji kile walikimbia. Yule mzee yuko kwa binti yake, mbali na shamba. Alinipigia simu si zamani sana. Hakuniuliza juu ya tembo. Aliniuliza kama ile karatasi ninayo bado na kama haijalowa. Nilimwambia iko ndani ya plastiki, katika sanduku, na nakala mbili ziko kwa watu wengine. Akasema, «Basi, mtoto wangu, uilinde,» na salio lake likaisha.